Barua Zangu Nyuma ya Nenosiri

Mke wangu alipofariki aliniachia kompyuta ya mezani pamoja na wageni wake. Kila Jumamosi asubuhi watu wa jumuiya huja kuchapa ratiba za ibada na barua za vikao. Hapa Nkoaranga huwezi kumwambia jirani asiguse. Lakini ndani ya kompyuta hiyohiyo nilikuwa namwandikia marehemu barua, na niliona haya mtu azisome.

Fundi mmoja wa Tengeru akaniwekea programu ya kusimba mafaili. Alisema inavuruga maandishi yote, asiye na nenosiri haoni kitu, na nikilisahau hata yeye hataniokoa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kile kilima nilikipanda kama kijana! Nikachagua folda, nikaandika nenosiri mara mbili, nikabonyeza. Likatokea faili jipya. Nikalijaribu bila nenosiri, likakataa. Nikapiga makofi peke yangu.

Jumamosi alikuja shemeji, mdogo wa kike wa marehemu. Nilishindwa kunyamaza.

"Shemeji, nimefunga vitu vyangu humu. Hebu jaribu kufungua."

"Umeficha mchumba, nini?"

"Jaribu kwanza, maneno baadaye."

Akabofya hapa na pale, kisha akasoma kwa sauti: "Mke wangu, leo ndizi zimeungua tena..."

Nikaisogelea skrini. Kumbe programu ilitengeneza nakala iliyofungwa tu. Barua zenyewe zilibaki pembeni yake, wazi kabisa, na mimi sikujua kwamba natakiwa kuzifuta.

Shemeji hakucheka. Aligeuza kiti akatazama ukuta. "Futa. Sijasoma zaidi ya huo mstari."

"Ngoja nihakikishe hizi zilizofungwa zinafunguka." Nikaandika nenosiri, zikafunguka zote. Ndipo nikafuta zile za wazi, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. "Haya, geuka. Rudia."

Akajaribu kuweka jina la dada yake kama nenosiri. Likakataa. Akajaribu mwaka wa ndoa yetu. Likakataa.

"Shemeji, wewe ni mkorofi!" akasema, akijifuta macho kwa kanga huku anacheka.

Alipoondoka, nilikaa nikaandika kurasa tatu bila kupumzika. Nilimwambia mke wangu jambo ambalo tangu mazishi nilikuwa nalizunguka tu, kwa kuogopa macho ya watu. Ni lipi, siandiki hapa.