Aliyetunga Kifungu Ndiye Aliyehukumu

Mtu anaweza kuihukumu sheria aliyoipigia kura mwenyewe? Mwaka 2017 nilikuwa na shahada mpya na maneno mengi, lakini swali hilo lilinishinda.

Mjomba, niliyekuwa nikiishi kwake mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, alisomea sheria Kiev, Ukraine, zamani. Huku alikuwa mlinzi wa duka. Mwenzake wa bwenini, Myukreni, alikuwa wakili, akaingia bungeni, kisha akateuliwa jaji. Picha yake akiwa na joho ilikuwa kwenye simu ya mjomba, na kila mgeni alionyeshwa kabla hata ya kupewa chai.

Katiba ya chama chetu wahamiaji cha kuzikana, pale mtaa jirani wa Rosettenville, aliiandika mjomba. Anayekosa misiba bila udhuru anafutwa, na kazi si udhuru. Sasa, misiba Joburg ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kusuka! Dada mmoja msusi akafutwa, huku mumewe yuko mahututi. Mume akifariki, chama kisingeusafirisha mwili nyumbani. Dada akakata rufaa. Wakamweka nani kuisikiliza? Mjomba.

"Mjomba," nikamwambia mbele ya wanachama, "kifungu umekiandika wewe, ukakipigia kura. Leo unakihukumu wewe tena?"

"Nani anakijua kuliko mimi?"

"Ndiyo maana usikae kuihukumu!"

"Mwenzangu wa Kiev alikuwa mbunge, leo jaji. Kamuulize na yeye."

"Eish, wakili wa Facebook huyo," mzee mmoja akanitania, na wenzake wakacheka.

Siku ya rufaa dada alisimama na aproni yake ya saluni. "Nyie walinzi mna zamu, mnabadilishana. Mimi nikifunga Jumamosi, wanangu wale nini?"

Mjomba alikisoma kifungu kwa sauti, taratibu, kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni na si kutoka mezani kwetu jikoni. Rufaa ikatupwa.

Mumewe alifariki msimu ule ule wa baridi. Alizikwa huku huku, na mama yake mzazi akayatazama mazishi kwenye simu, picha ikikatika kila mara. Mjomba hakwenda, alikuwa kazini. Nilihama kwake wiki hiyo, na hasira hiyo sijaimaliza.

Baada ya miaka mingi nilipata hukumu zilizotafsiriwa za mahakama ya Ukraine alikokuwa yule mwenzake mjomba. Kila ilipofika kesi ya sheria aliyoipigia kura bungeni, yule jaji alijitoa.