Mgongo Haukutajwa

Mimi si mtu wa shule. Herufi nilifundishwa ukubwani, kambini Tanzania, nikiwa tayari nimezaa na kuzika, na mpaka leo naandika kwa herufi kubwa zilizoachana kama mashina ya mahindi. Ila mjukuu wangu ni msemaji. Nalisema hilo kwa kujivuna, na nitajivuna mpaka mwisho wa habari hii hata kama mwisho wenyewe unaniuma.

Tulipoletwa Marekani tulishukia Louisville. Binti yangu akapata kazi Jeffersontown, kiwandani, mimi nikabaki nyumbani na mgongo wangu. Mgongo huu niliutoa kambini pamoja na sufuria na blanketi, umebeba kuni na maji miaka mingi mno. Hospitali nilipelekwa na mjukuu, maana mama yake alikuwa kazini na yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza. Alikuwa bado mdogo, akikaa kitini miguu haigusi sakafu.

"Bibi, daktari anauliza unauma vipi."

"Mwambie kama mtu anatwanga humo ndani."

Akamwambia, na kwa ngumi yake ndogo akatwanga kwenye kiganja ili mzungu aelewe vizuri. Daktari alicheka, akaandika dawa. Neno la kwanza la Kiingereza nililolijua ni hilo, mgongo. Nililisikia likitoka kinywani mwake kila tulipoenda, hata nikawa nalisubiri, na likitajwa najua kwamba maneno yangu yamefika. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wangu hapa duniani. Nilimwita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, na yeye alinijibu, "Mume wetu yuko wapi, mbona haleti hela?"

Baadaye tukahamia Columbus, kodi ya nyumba ilikuwa nafuu kule mtaa wa Linden na binti yangu alipata kazi ya ghalani. Mjukuu akawa msichana mrefu, mwenye kujibu kwa Kiingereza hata ukimwuliza chumvi iko wapi. Mwaka huo simu zetu zilijaa picha za kwetu, vijana mitaani na askari mbele yao. Kanisani watu walizitazama wamejificha chini ya vitenge, halafu wakaimba. Mimi sikuzitazama. Nilishaona za kwangu kwa macho.

Ndipo siku moja mjukuu akarudi na kazi ya shule. Akaniambia kwamba zamani sana, kabla nchi hii haijawa nchi, askari wa mfalme wa Uingereza walikaa katika mji wa watu. Watu wakawachukia. Siku moja, kwenye theluji, watu wakakusanyika, wakawatukana, wakawarushia madonge ya theluji, mawe na fimbo. Askari wakapiga risasi. Watu watano wakafa.

"Wa kwanza kuanguka alikuwa mtu mweusi, Bibi. Mfanyakazi wa melini."

"Sishangai," nikamwambia. "Na wewe umepewa uwe nani? Mama wa marehemu?"

"Mimi ni wakili. Darasani tunaifanya ile kesi. Ninawatetea askari."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikaacha.

"Mwalimu amenichagua kwa sababu mimi ndiye najua kusema," akasema. "Na yule wakili wa kweli baadaye alikuja kuwa rais."

"Hata kwetu anayewatetea askari hupanda cheo."

Alicheka, akadhani ni utani. Kisha akakaa karibu yangu, akashika maharage kama anayesaidia, nikajua anataka kitu.

"Bibi, siku ile ya mjomba. Watu walirusha mawe kweli?"

Mjomba wake ni kifungua mimba wangu. Mtoto huyu hakumwona, alizaliwa kambini sisi tumeshakimbia. Alijua tu kwamba aliuawa na askari. Sikuwahi kumsimulia zaidi, na hakuwahi kuniuliza. Sasa aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya hospitalini, na mimi nikafunguka.

Nikamwambia kwamba askari walikuwa na kizuizi karibu na soko letu. Asubuhi hiyo walimpiga mwanamke aliyekuwa anauza mihogo, wakamwaga mihogo yake. Vijana wakajaa. Ndiyo, mawe yalirushwa. Mwanangu alirusha, nilimwona. Alirusha moja, likampata askari begani, kisha mwanangu akageuka akakimbia kuja upande wetu wanawake. Risasi ilimkuta amegeuka. Ilimwingia mgongoni. Alianguka akiwa ananitazama mimi, siyo wao. Mkubwa wao akasema waliopanda mawe wamevuna. Tulimbeba kwa mkeka.

"Kesi ilikuwaje?" akauliza.

"Kesi gani?"

Kwetu kesi huamuliwa na wazee, wamekaa uwanjani watu wote wanaona. Mzee akisema hupiga fimbo yake chini. Kabla hawajakwenda pembeni kushauriana, huuliza nani bado ana neno. Hapo ukiwa na neno utasimama, hata uwe mjane, hata uwe mgeni. Ukikaa kimya, hukumu umeimeza. Kesho usije kulia kwamba ulionewa, kinywa chako kilikuwepo. Basi mwaka ule wazee wetu walizificha fimbo chini ya vitanda. Hakuna aliyeuliza nani ana neno. Mimi neno langu nimetembea nalo mpaka Marekani.

Hayo yote nilimwambia. Akanishukuru, akaenda chumbani kuandika.

Siku ya kesi mama yake alikuwa zamu, nikaenda peke yangu. Nilivaa kitenge changu cha heshima na cha kujitanda juu yake, maana sikuwa naenda mchezoni, nilikuwa naenda kwenye baraza la hukumu. Shuleni walipanga viti vya wazazi nyuma. Watoto waliokuwa askari walivaa fulana nyekundu na kushika mifagio. Wengine wakawarushia karatasi zilizofinyangwa, huku wanacheka. Moja ilibingirika hadi kwenye kiatu changu. Nikaiokota. Haikuwa na uzito wowote. Mifagio ikasema pa, watoto watano wakalala chini, mmoja akiwa anajikuna.

Halafu mjukuu wangu akasimama.

Jamani, mtoto yule anajua kusema. Kiingereza changu ni cha kununulia mkate, lakini niliona chumba kinamfuata kama mbuzi wanavyomfuata mwenye chumvi. Mkono wake unakwenda, unarudi, unakaa kifuani. Nilinyoosha shingo ili wazazi wengine wajue ni wangu. Ndipo akanionyesha kwa mkono. Vichwa vyote vikageuka. Nikasikia neno bibi kwa Kiingereza, nikasikia mawe, nikasikia mawe tena. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kukubali.

Nikaelewa. Alikuwa anawaambia kwamba hata waliopigwa risasi wenyewe wanakiri kwamba walirusha. Mawe yangu niliyompa jikoni aliyachukua akawapa askari.

Nilikaa. Sikutaka kumharibia. Upande wa pili ukasema, msichana mmoja mwenye sauti ndogo, hakuweza chochote mbele ya wangu. Kisha mwalimu akatugeukia sisi wazazi, akafungua mikono, akasema kitu. Baadaye niliambiwa alikuwa anatushukuru kwa kuja. Mimi niliona mzee anauliza nani bado ana neno. Ningebaki nimekaa, ningekuwa nimeimeza hukumu ya mwanangu pamoja na ya hao watu wao wa kwenye theluji. Nikasimama.

Nilisema kwa Kiswahili. Mwalimu alimwangalia mjukuu wangu, akamwashiria atafsiri. Nani mwingine angetafsiri? Katika chumba kile kizima, mwenye lugha yangu alikuwa wakili wa askari.

Nikasema, "Mimi nimezaa mtu aliyerusha jiwe. Sikatai. Askari alikuwa na hofu? Labda. Lakini mwanangu alikuwa ameshageuka. Alikuwa anakimbia kuja kwangu. Risasi ilimwingia mgongoni. Mtu aliyekupa mgongo hakutishi tena. Basi anayewasemea askari anijibu kuhusu mgongo, halafu ndipo mwamue."

Mjukuu wangu alisikiliza akitazama meza. Alipofungua mdomo nilimfuata neno kwa neno, kama zamani. Mawe akayataja. Mwanangu akamtaja. Hofu akaitaja. Kukimbia sikujui kwa Kiingereza, pengine alikutaja. Nikawa nasubiri neno langu, lile aliloniwekea masikioni mwenyewe akiwa hajafikisha miguu sakafuni. Nikasubiri. Akafunga mdomo.

Mgongo haukutajwa.

Halafu wakapiga makofi. Mwalimu, wazazi, hata wale maiti. Mzungu mmoja wa kike alifuta machozi. Nilibaki nimesimama, maana kwetu mfiwa akisema upande wa pili lazima ujibu, na hakai mpaka ajibiwe. Mwalimu akaja akanishika bega kwa upole akanikalisha, akidhani nimechoka.

Watoto waliokuwa wazee wa kesi walinong'onezana kidogo tu. Askari wakaachiwa, isipokuwa wawili. Hata zamani ilikuwa hivyo, mjukuu aliniambia njiani: wale wawili walichomwa alama kwenye kidole gumba, wakaenda zao. Watu watano, vidole gumba viwili.

Tulirudi kwa basi. Alikuwa amepewa cheti cha msemaji bora, amekikunja mapajani.

"Uliniaibisha, Bibi," akasema. "Hakuna mzazi anayesimama."

"Mgongo uliuweka wapi?"

Alitazama dirishani.

"Ulisema maneno mengi. Siwezi kutafsiri yote."

"Mgongo ni neno moja. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ningelisema, ningeshindwa."

Hakulia. Hakuinua sauti. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia basi linalofuata ni la saa ngapi. Nami kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye peke yake katika chumba kile alijua uzito wa lile neno. Wajinga wangelitaja na lisingefanya kitu.

"Mwalimu anasema hata mbaya lazima awe na wa kumsemea," akaongeza. "La sivyo siyo mahakama, ni kundi la watu tu."

"Sawa. Na mwanangu alisemewa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi sina mdomo hapa. Mdomo wangu ulikuwa upande wa pili."

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mjomba aliitwa nani?"

Tangu azaliwe alikuwa anamwita mjomba tu. Mama yake hawezi kulitamka lile jina bila kuvunjika, na mimi nalitamka nikiwa peke yangu. Ningempa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Siku utakayoutaja ule mgongo mbele za watu," nikamwambia, "nitakupa jina lake."

"Bibi."

"Nimemaliza."

Mama yake aliporudi kazini akanigombeza. "Mama, ni mtoto. Ilikuwa shule." Nikamwambia hata mimi nilikuwa na mtoto.

Baada ya hapo mwanangu mdogo alinichukua nikakae kwake Buffalo, mke wake alikuwa amejifungua. Mjukuu alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanibebea begi. Sikumwita mke mwenzangu. Jumapili hunipigia. Ananieleza ameshinda hiki, ameshinda kile, kila mara anasemea upande anaopewa. Nawaambia watu wa kanisani, na najivuna, wanajua. Jina hajaliuliza tena. Nami sijampa.

Theluji ya Buffalo imeuamsha mgongo. Hospitali ya huku wanaweka simu mezani, na ndani ya simu kuna mwanaume anayesema Kiswahili, sijui yuko mji gani. Hanijui, hajanibeba wala sijambeba. Mara ya kwanza nilimwambia kama nilivyozoea, mtu anatwanga humo ndani ya mgongo wangu. Nikatega sikio.

Akalitaja, palepale, bila kupunguza kitu. Nikamwambia alirudie, na yule mgeni akalirudia.