Mchuzi Mweupe wa Ijumaa ya Kwaresima

Mwanangu, acha hizo sahani kwanza, sogeza kigoda ukae. Iko Ijumaa moja ya Kwaresima, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa mke mpya hapa Kihesa, sijamaliza hata mwaka kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na kijana wake wa mwisho aliyekwenda Tanga kukata mkonge, na habari zake zilikuwa zimekatika. Kwa ajili yake aliweka nadhiri: Kwaresima nzima hatagusa nyama, mayai wala maziwa, ili Mungu amrudishe mwanawe. Alikonda tukimwona. Roho iliniuma, nikataka ale kitu kitamu bila kuharibu nadhiri.

Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, na kwenye vichuguu uyoga umeota, kofia zake pana kama kiganja. Nikakata mashina, nikayakaanga na kitunguu, nikayachanganya na maharage ya kuponda, nikazijaza zile kofia. Nikazipanga chunguni, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mchuzi nikaufanya wa karanga mbichi: niliziloweka, nikazimenya, nikazitwanga, nikalikamua tui kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Kisha nikalipika polepole nikikoroga, maana ukigeuza shingo tu linakatika. Likawa zito, jeupe pe.

Weupe ule ndio uliniponza. Mimi ni mtoto wa Uyole, kule Mbeya, nyumba ya ng'ombe, na pale Kihesa walizoea kunitania kwamba nikijikata kidole yatatoka maziwa. Jioni majirani walikuja kwetu baada ya Njia ya Msalaba. Nikaonja mimi kwanza mbele yao, kama ilivyo desturi kwa aliyechuma uyoga, kisha nikampakulia mama. Akatia kidogo mdomoni, akatema kiganjani.

"Umenitilia maziwa," akasema. "Umenivunjia nadhiri ya mwanangu."

Watu wakainamisha vichwa. Nikaapa kuwa ni karanga tupu, lakini hakuna aliyeniamini, niliona kwenye nyuso zao. Mume wangu akanivuta pembeni, akasema kesho anipandishe basi la Mbeya nikapumzike kwetu mpaka mama apoe. Alinionea huruma, namshukuru, ila nilijua nikipanda basi lile nimekubali kosa ambalo si langu. Nikaloweka karanga nyingine.

Asubuhi nikatoa kinu uani, nikampigia mama magoti. "Mama, naomba ukae hapa uniangalie tu. Nikimaliza, ukisema niende, nitakwenda."

Alituma watu wakawaite majirani wale wale wa jana, ndipo akakaa. Nikatwanga, nikakamua, nikapika. Mchuzi ulipokuwa mzito akachukua mwiko mwenyewe, akaonja. Akaonja tena. Halafu yule mama mkali, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, akanishika mikono yote miwili.

"Jana nilikuaibisha mbele ya hawa," akasema. "Leo wasikie pia: nimekukosea, mwanangu. Ni hofu tu, namwogopea mdogo wenu."

Nililia sana. Na yeye alilia.

Shemeji yangu hakurudi. Mama alimngoja mpaka anaingia kaburini, na uchungu wa namna ile hutafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Lakini miaka yote tuliyoishi naye, hakuna siku aliyosema ni mimi niliyemfungia mwanawe njia. Kila Kwaresima aliniomba nimpikie uyoga ule.

Basi wewe unayekwenda kuanza maisha ugenini, nisikilize. Ukishukiwa bure usinune, wala usikimbilie kwenu. Fanya kazi yako mbele ya macho yao, kwa heshima, waone. Na ukimshuku mtu, mwambie usoni. Ukigundua umekosea, radhi yake itoe mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, usimnong'oneze jikoni. Neno la namna hii likilala ndani ya nyumba, msiba wa kwanza utakaokuja ndio utaliamsha.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe mama mkwe aliye tayari kuonja mara ya pili, na wewe akujalie moyo huo huo.