Uso Chini ya Wino Mweusi

Refugio Zamarripa ndiye mchagua picha wa gazeti moja la damu hapa mjini Torreón, mojawapo ya yale yanayotundikwa vibandani kwa vibanio vya nguo, maiti ukurasa wa mbele. Kwa miaka kumi na tisa ana sharti moja: uso wa maiti hautoki bila kupakwa mweusi. Wenzake humcheka kwamba anawavalisha marehemu miwani ya jua. Yeye hujibu kuwa hata mwizi ana mama yake. Mjane mmoja aliwahi kuja kumbusu mikono kwa wema huo, na Refugio akajiona mtu kweli.

Juzi akaingia Mama Hermelinda, ameshika gazeti la mwezi wa tatu.

"Wewe ndiye uliyempaka mwanangu?"

"Pole sana, mama. Tulimfunika kwa heshima."

"Heshima ya nani? Mwaka mzima nazunguka vibandani kila asubuhi, nakagua maiti zenu moja moja. Huyu nilimtazama, nikampita! Niliona suruali yake ya jinzi tu, na jinzi zimejaa mji mzima. Leo mochwari wamenionyesha picha yake; kumbe mwanangu kalala kwao miezi mitatu hana jina, wakaishia kumtupa kaburi la pamoja. Ungeniachia uso tu, baba!"

Refugio aliutazama ule weusi alioupaka. Aombe radhi kwa wema wake? Na yule mjane, naye alikosea?

Jioni ile ile ikaja picha ya mwanamume aliyeokotwa mferejini, hana kitambulisho. Refugio akampaka wino mweusi usoni, akaufuta, akapaka tena.

"Mzee, tumalize basi," alisema Chuy, mpiga picha.

"Subiri."

"Unasubiri nini? Afufuke?"

Mwisho akaufuta wino, akaituma picha ikachapwe, uso wazi.

Asubuhi alikwenda kusimama karibu na kibanda cha sokoni aone itakuwaje. Watu walinunua gorditas, mikate yao ya mahindi, wakatupa jicho, wakapita. Halafu msichana wa miaka kama minane, amevaa sare ya shule, akasimama mbele ya gazeti.

"Mama, njoo!" aliita. "Baba yuko hapa."

Refugio aliruka akasimama kati ya mtoto na gazeti, mikono ameitanua. Mama mtu akafika mbio, chakula bado mkononi.

"Sogea, bwana. Nimwone."

Mtoto naye alikuwa akichungulia chini ya kwapa lake. Refugio hakujua asogee au abaki.