Nyumba za Mama Zetu Katika Shimo la Kimondo

Harufu ya jiwe linalokatwa haijawahi kuniacha salama. Juzi hapa Sanyuanli, China, mafundi walikuwa wanakata marumaru kwa grenda mbele ya ofisi ya mizigo ninakopakia shehena yangu, na lile vumbi jeupe lenye ukali wa moto liliponiingia puani nikajikuta tena kaskazini mwa Kenya, jangwani, ukingoni mwa shimo letu. Wageni wakiambiwa shimo hufikiria kisima. Letu lilikuwa bakuli kubwa, hata mtu aliyesimama ng'ambo ya pili ulimwona kama sisimizi. Wazee walisema nyota ilianguka pale, na watu wa sayansi walipokuja baadaye wakasema ni kweli, ni kimondo. Asubuhi kuta zake zilikuwa nyekundu kama ini, mchana zikageuka kijivu, na upepo ulipozunguka ndani ulivuma kwa sauti nzito ambayo sisi watoto tulilala kifudifudi kuisikiliza kwa tumbo.

Mwaka ule wa ukame nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, shule nilikuwa nimeshaiacha. Ndipo Halake alipokuja na mashine yake kuchimba kokoto. Nawataja kwa majina kwa sababu wao hawakuona haya: Halake ndiye mkandarasi, na Chifu Wario ndiye aliyempa ruhusa bila kumuuliza mtu. Walilipua ukingo wa mashariki bila kupiga hata filimbi. Mimi nilikuwa chini yake na mbuzi wangu. Mbuzi walikufa, mimi nilitoka, lakini sikio la kushoto halijasikia tangu siku hiyo. Baba alipokwenda kulalamika, Halake alimjibu, "Mtoto wako anafuata nini kwenye kazi ya watu?" Chifu akacheka. Kicheko kile nilikisikia kwa sikio lililobaki, na bado ninacho.

Wanaume wakakaa vikao. Vikao vikazaa vikao, na shimo likazidi kuliwa. Lakini kwetu sisi wafugaji wa ngamia, nyumba ni ya mwanamke. Anaijenga yeye kwa fito na mikeka, anaibomoa yeye siku ya kuhama, na mwanamume atakayethubutu kung'oa hata ufito mmoja amejitoa katika watu; hakuna atakayempa maziwa wala binti. Halake alizaliwa pale pale na alilijua hilo. Kosa lake ni kwamba siku ya mnada wa mifugo aliiacha wazi barabara ya kushukia shimoni, akaenda zake kula nyama na chifu. Asubuhi hiyo hiyo mama aliibomoa nyumba yetu, akaipakia juu ya ngamia, akaisimamisha katikati ya barabara ile. Jirani akafuata, na mwingine, mpaka njia yote ikawa nyumba, moshi unatoka, watoto wanalia, kana kwamba tulizaliwa humo. Wa mwisho kufika alikuwa Mama Darmi, mama mzazi wa Halake, akimvuta ngamia wake na kutukana njia nzima.

Halake aliporudi, alisimamisha mashine mbele ya mkeka wa mama yake.

"Mama, toka, nina kazi."

"Pita," akasema yule bibi, anakoroga chai. "Si una mashine? Pita."

"Mama, watu wanatazama."

"Wacha watazame. Mimi nilikubeba mgongoni, leo nibebe wewe kwa hilo koleo lako."

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Chifu akawaamuru askari wake wabomoe. Askari wakatazama viatu vyao, maana nao walikuwa wana wa wanawake wale. Tulikaa humo mpaka mvua ikanyesha. Tulikunywa maji ya chumvi, tukagombana, watoto wakazaliwa, na mashine ikaondoka ikiwa na kutu.

Wiki hii simu imeleta habari: serikali imelitambua shimo letu kuwa urithi wa asili, haliguswi tena. Katika hotuba walimshukuru Wario kwa kulitunza. Wacha wamshukuru, mimi nimeshaandika hapa. Nikaagiza pilau kwenye mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, nikamwalika Bi Mwanakheri, Mzanzibari ninayeshirikiana naye kontena.

"Makubwa haya!" akasema. "Watu husherehekea harusi, shoga yangu washerehekea shimo?"

"Kula, dada. Pilau haina maswali."

Nikamfungulia simu nimwonyeshe picha iliyopigwa kutoka juu angani. Nilipokuwa mtoto dunia yote iliishia kwenye ukingo ule, na ilibidi mama zetu wabebe nyumba zao ndipo waonekane. Leo nimekaa China, na bakuli lile zima linaenea katika kiganja changu. Bi Mwanakheri akavaa miwani, akaikuza picha, akaisogeza huku na huko.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza. "Hakuna mashine, hakuna jengo, mchanga mtupu."

Nilicheka kwa nguvu hata laoban, bosi wa mkahawa, akageuka kututazama.

"Ndiyo hivyo, dada," nikamwambia. "Angalia tena. Hakuna kitu kabisa."