Mama Alivuka Uwanja

Juzi, hapa Mangobo, niliona watu wamejipanga nyuma ya wagombea wa chama. Niliondoka mbiombio bila kununua samaki niliyemfuata.

Nilikumbuka siku moja ya utoto wangu, waasi walipoushika mji wetu: papa, yaani baba yangu, fundi wa nguo, aligombea uenyekiti wa chama chao mtaani kwetu. Tangu asubuhi hakutulia. Alipiga pasi koti lake mara tatu, mpaka nyumba nzima ikanuka makaa na kitambaa kilichoungua.

"Papa Amina, acha hii mambo ya chama. Serikali ikirudi, itaanza na mwenyekiti," mama alimwambia. Papa akacheka.

Kupiga kura kulikuwa kusimama nyuma ya mtu unayemtaka. Mimi nilikimbilia nyuma ya papa, nikashika koti lake, bado lina joto. Mara nikamwona mama akivuka uwanja taratibu, wanawake wenzake wa sokoni wakimfuata, hadi nyuma ya jirani yetu, Tonton Saidi.

"Mama, papa iko huku!" nilipiga kelele.

Hakugeuka. Papa akashindwa. Jioni nilisusa pondu ya mama, majani ya muhogo niliyoyapenda. Nilidhani hampendi tena papa.

Uasi ulipozimwa, askari wa serikali walikuja kumtafuta mwenyekiti. Walipita mlangoni kwetu wakiulizia kwa Saidi. Wakamchukua, hakurudi.

Tangu hapo, kila Ijumaa, mama alimpelekea mjane wa Saidi chakula, nami nikibeba sufuria.

"Mungu akubariki," mjane alisema kila mara. "Wewe ulimupendaka bwana yangu, ata kura ulimupatia."

Mama aliinamia sufuria, akaendelea kupakua.