Begi langu la golikipa lilivyoingizwa kwenye kontena la Lubumbashi

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijatia chumvi. Walioniona nikilia siku ile wamo humu humu, nikidanganya watanisuta.

Mimi ni wa Mombasa. Kwa hiyo Kiswahili changu msikisahihishe, tutakosana bure.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, watu wetu wanamiminika Guangzhou, Uchina, kununua bidhaa. Mimi nilikuwa mwanafunzi, golikipa wa hoki. Ndiyo, mpira wa magongo. Najua nyie mnajua kandanda tu.

Timu yetu ya wasichana ikaalikwa mashindano madogo ya kirafiki nje kidogo ya Guangzhou. Nauli tulichangiwa. Hoteli? Thubutu!

Bahati nzuri mtaa wa Sanyuanli, mle mle mjini, kulikuwa na kikundi cha wafanyabiashara waliokuwa wakicheza hoki Jumapili. Wakenya, Wahindi, na Wachina wawili watatu. Mkubwa wao alikuwa Kaka Sadiki, mtu wa kwetu, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Akawatangazia: watoto wanakuja, kila nyumba imchukue mmoja.

Hata wasiocheza walichukua. Mimi nikaangukia kwa Mama Gloire, Mkongomani wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu. Hoki hajawahi kuiona hata kwenye TV. Alinipokea pale ofisini kwa mabusu ya mashavu, huku na huku, mpaka nikaona haya.

Sasa begi la golikipa ni kubwa, wakuu. Pedi za miguu, helmeti, kinga ya kifua. Na Mama Gloire anakaa ghorofa ya juu kabisa, lifti hakuna. Akasema tuliache ofisini, kesho tutalipitia.

Halafu kwa kunipenda tu, akachukua kalamu nene akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MAMA GLOIRE, LUBUMBASHI. Eti lisipotee.

Mnaojua mambo ya cargo mshaanza kucheka.

Kesho yake asubuhi tunafika, begi hakuna! Vijana wa mizigo wameona jina la Mama Gloire, wamelibeba pamoja na marobota yake ya viatu mpaka ghalani. Na kontena lilikuwa linapakiwa asubuhi ile ile.

Mechi ni alasiri. Golikipa mwingine hatuna, na bila vifaa refa hakuruhusu kusimama golini. Nililia kwa kwikwi jamani. Mwaka mzima nilikuwa najifua kwa ajili ya siku ile.

Tukakimbilia ghalani. Kontena limejaa pomoni, lori linasubiri kwenda bandarini. Msimamizi, Mchina tuliyemwita laoban, yaani bosi, akawa anatikisa mkono tu. Haiwezekani. Begi liko ndani kabisa, na mbele yake kuna mizigo ya watu kibao.

Mama Gloire tangu nifike alikuwa mpole. Pale alibadilika. Akavua viatu, akapanda juu ya kontena, akapaza sauti: "Mutoe byote! Ni jina yangu iko pale, mimi ndiye nilikosea. Mutoto atacheza na nini?"

Wakatoa. Kaka Sadiki na wenzake wa hoki, waliotufuata ghalani, wakavua mashati. Laoban alinuna kidogo, kisha naye akaingia kubeba. Begi likatoka limebonyea, lakini zima.

Shida ikaja kwenye kurudisha. Mzigo wa kontena ukishautoa haukai tena kama ulivyokaa. Wakapanga, wakapangua, mlango haufungi, na muda wa meli unayoyoma. Kuna marobota lazima yabaki. Kila mtu akatazama chini.

"Byangu bibaki," akasema Mama Gloire.

Na vile viatu vilikuwa vya kuuzwa shule zikifunguliwa! Nikamshika mkono, Mama usifanye hivyo. Akanifuta uso kwa kitenge chake. "Ma fille, binti yangu, batoto ba Lubumbashi batangojea viatu. Weye mechi yako ni leo."

Alasiri akaja uwanjani, akasimama nyuma ya goli langu, akashangilia kila mpira, hata wa wapinzani. Tukatoka sare bila kufungana. Mpira wa mwisho niliuzuia kwa kifua, nikaanguka nao.

Mama Gloire akanijia mbio. "Umefunga ngapi?"

"Sijafunga, Mama. Mimi nazuia tu."

Akafikiri kidogo, akanipapasa bega kwa huruma. "Si kitu. Kesho utafunga."

Nilicheka huku nalia, helmeti bado kichwani.

Mpaka leo sijui vile viatu viliishia wapi. Nikimuuliza kwenye simu anabadilisha maneno, ananiuliza nimekula nini.

Nilichojifunza, wakuu: mtu anaweza asielewe hata kidogo unachokipenda, na bado akaacha chake kibaki nje ili wewe ukipate. Namshukuru yule mama kila siku ya Mungu.

Nani mwingine humu alipokelewa ugenini na mtu asiyemjua? Mwageni visa vyenu. Na yule atakayeandika kwamba golikipa ni mvivu wa kukimbia, ajitokeze mapema, nimeshakaa golini.